Rubani mmoja kwenye ndege kubwa: maswali mnayoniuliza kila siku, na majibu yangu

Tangu ile video ya "ndege zitaanza kuruka na rubani mmoja" izunguke kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Arusha, kila anayekuja kukata tiketi ananiuliza kitu hicho hicho, wengine wanapiga simu usiku kabisa. Mimi nakatisha tiketi hapa mjini, na kabla ya hapo nilikuwa nesi Moshi, kwa hiyo hili jambo linanigusa pande zote mbili, ya ndege na ya afya. Nimeamua niandike yote sehemu moja, mkishasoma mtumie na wengine.

Dada, ni kweli sahizi kuna ndege kubwa za abiria zinaruka na rubani mmoja?

Hapana. Marekani sheria inasema wazi kwamba ndege ya shirika la abiria lazima iwe na marubani wasiopungua wawili, na Ulaya ni hivyo hivyo kwa ndege zote za jeti na zile za pangaboi zinazobeba abiria zaidi ya 9. Ukipanda ndege pale uwanja wa Kilimanjaro (KIA) kwenda Amsterdam, Doha au Addis, mbele kuna watu wawili wenye leseni, na safari ikiwa ndefu sana wanakuwa watatu au hata wanne wanapokezana.

Kinachozungumzwa ni mpango, na una hatua mbili ambazo watu wanazichanganya. Hatua ya kwanza, ndege iwe na marubani wawili lakini ikishapanda juu na kutulia mmoja aende akalale, abaki mmoja tu kwenye usukani kwa masaa, halafu wakati wa kushuka aamshwe warudi wawili. Hatua ya pili ndo ile ya rubani mmoja mwanzo mpaka mwisho. Ukitaka picha ya hiyo ya kwanza fikiria basi la usiku la masafa marefu, dereva wa pili kalala siti ya nyuma na wa kwanza yuko peke yake na barabara, tofauti ni kwamba basi likileta shida linaegeshwa pembeni.

Wazo lenyewe limetoka wapi?

Pesa, kwa kiasi kikubwa, na uhaba wa marubani. Zamani ndege kubwa ilikuwa na watu hata watano mbele, kuna wa redio, kuna wa kusoma ramani, kuna injinia wa ndege, mashine zikaendelea wakapungua mmoja mmoja. Boeing 747-400 ilipoanza kazi 1989 injinia alishaondolewa, wakabaki wawili. Sasa watengenezaji wanasema kama tulitoka watano mpaka wawili na ajali zikazidi kupungua, kwa nini tusiende mbele. Watengenezaji Airbus na Dassault ndo waliolipeleka kwa mamlaka ya anga ya Ulaya, na mwaka 2021 ikatangazwa kwamba Airbus na Cathay Pacific ya Hong Kong wanaufanyia kazi mpango wa namna hiyo kwa ndege ya Airbus A350.

Hoja yao siidharau. Ila kutoka watano mpaka wawili, kila aliyeondoka kazi yake ilichukuliwa na mashine. Huyu wa pili kazi yake kubwa ni kuwa mtu mwingine mzima pale ndani mwenzake akipatwa na kitu, na hiyo mashine bado haijapatikana.

Lakini si marubani wanapimwa afya kila mara? Ina maana vipimo havitoshi?

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote kwa sababu watu wengi wanaamini rubani akipita vipimo basi hawezi kuugua. Hakuna daktari duniani anayeweza kukupa cheti kwamba hutaanguka ndani ya miezi 12 ijayo. Moyo unaweza kukataa, kifafa kinaweza kuanza ukubwani bila dalili yoyote, kiharusi, jiwe la figo, na kinachowaangusha marubani sana kuliko vyote ni tumbo, kuhara na kutapika, ndo maana kwenye mashirika mengi hawa wawili hawali chakula cha aina moja.

Sasa sikilizeni hesabu yenyewe, maana humu ndo kuna kila kitu. Madaktari wa anga, kuanzia Uingereza miaka ya 1980, walikubaliana kwamba rubani anaruhusiwa kuruka kama hatari yake ya kuishiwa nguvu ghafla haizidi asilimia 1 kwa mwaka. Mwaka una masaa 8,760, tuseme kama elfu kumi, kwa hiyo asilimia 1 kwa mwaka ni kama tukio moja kwenye masaa milioni moja. Lakini lengo walilojiwekea ni kwamba ajali inayotokana na ugonjwa wa rubani isizidi moja kwenye masaa bilioni moja, kwa hiyo hapo katikati kuna pengo la mara elfu. Wamelizibaje? Mara kumi wameipata kwa kusema muda wa hatari kweli kweli, kupaa na kutua, ni kama sehemu moja ya kumi ya safari. Mara mia zote zilizobaki zinatoka kwa yule wa pembeni. Yaani wamechukulia kwamba hata mtu akianguka kwenye dakika hizo mbaya, mara 99 kati ya 100 mwenzake atashika ndege na itatua salama.

Kwa hiyo hicho cheti cha afya mnachokiamini, ndani yake kuna rubani wa pili. Kimeandikwa huku kikimtegemea yeye. Ukimtoa halafu ukasema "vipimo vipo", umebaki na karatasi ambayo hesabu yake imeshavunjika, na mimi kama mtu niliyekaa wodini siwezi kuliona hilo nikanyamaza.

Na hata sheria za ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, zenyewe zinakiri hivyo. Rubani wa kimataifa anayeruka na mwenzake anaruhusiwa mpaka afike miaka 65, akiwa peke yake mwisho ni 60. Cheti cha afya cha daraja la kwanza kinadumu miezi 12, ila ukiwa unabeba abiria peke yako na umeshavuka 40 kinashuka mpaka miezi 6.

Imeshatokea kweli au ni nadharia tu?

Imetokea. Nawapa moja nzima.

Tarehe 17 Februari 2024, ndege ya Lufthansa aina ya A321 inatoka Frankfurt kwenda Seville Hispania, abiria 199 na wafanyakazi 6. Kepteni anaenda chooni, anamwacha rubani msaidizi wa miaka 38 akiwa mzima, wametoka kuongea kuhusu hali ya hewa. Muda mfupi baadaye yule kijana anapata kitu kama kifafa, kinasa sauti cha kokpiti, yaani chumba cha marubani, kimerekodi sauti zisizo za kawaida, mikono inagusa vitu bila kukusudia. Waongoza ndege chini wanaita mara tatu, kimya. Kepteni anarudi mlangoni, anabonyeza namba za mlango mara tano, kimya, mhudumu anapiga simu ya ndani, kimya. Ikabidi aingize namba ya siri ya dharura ambayo inafungua mlango baada ya kusubiri, na kabla haijafungua, kijana akajikokota akafungua mwenyewe, amepauka, jasho linamtoka. Kwa dakika kama 10 ile ndege ilikuwa haina mtu anayeiongoza. Otopailoti, ule mfumo wa ndege kujiendesha yenyewe, ilikuwa imewashwa ndo ikawaokoa. Wakapata daktari kati ya abiria, kepteni akageuzia Madrid, akatua. Na hali ya yule rubani ni ya aina ambayo vipimo vya kawaida visingeiona, labda dalili ziwe zimetokea wakati wa kupimwa.

Mlango ulikuwa unangojewa na kepteni aliyekuwa macho, amesimama hatua chache tu, kilichompeleka ni choo tu. Sasa weka mtu aliyelala usingizi mzito kwenye kitanda cha marubani, utapata dakika ngapi?

Mwaka huo huo Oktoba, kepteni wa Turkish Airlines mwenye miaka 59 alifariki angani kwenye A350 iliyotoka Seattle kwenda Istanbul. Vipimo alipita mwezi Machi. Wenzake waliobaki wakaishusha New York. Abiria wote wakatembea kwa miguu yao kutoka ndani.

Otopailoti si inaendesha yenyewe? Hao watu wanafanya nini huko mbele?

Otopailoti inafuata ilichoambiwa. Agosti 14, 2005 ndege ya Helios aina ya Boeing 737 ilitoka Larnaca Saiprasi kwenda Athens, mfumo wa kujaza hewa ulikuwa umeachwa kwenye hali ya kuendeshwa kwa mkono, hewa ikapungua, marubani wote wawili wakazimia. Otopailoti ikaipeleka vizuri tu mpaka Athens, ikaanza kuzunguka, ikazunguka mpaka mafuta yakaisha. Watu 121, wote walikufa.

Sisi wa huku hewa nyepesi tunaijua. Ndani ya ndege hewa inatunzwa isizidi ile ya futi 8,000, ambayo ni kama mita 2,400, yaani ni kama uko Mlima Kilimanjaro kati ya geti la Marangu na kambi ya Mandara, mtu mzima hahisi kitu. Nje ya dirisha uko futi 35,000, karibu mara mbili ya kilele cha Uhuru. Wapagazi na maguide wetu wanajua Kibo inavyomfanya mtu aongee pumba huku yeye anaona yuko sawa, sasa huko juu hewa ikitoka ghafla una sekunde 30 mpaka 60 za akili timamu kuvaa maski. Wawili wakiwepo, mmoja akichelewa mwenzake anamvalisha. Wanaosema "mmoja anatosha maana juu kumetulia" hilo wanalipita haraka sana.

Huyo anayelala si ataamshwa tu kukiwa na shida?

Hapa naongea kama nesi wa zamu za usiku. Mtu akitolewa kwenye usingizi mzito saa tisa usiku, macho yanafunguka, anakujibu, hata anatembea, lakini kichwa bado hakijafika. Nimemwamsha mwenzangu chumba cha mapumziko, akasema "nimeamka, nakuja", kamaliza kuvaa viatu, ukimuuliza mgonjwa wa kitanda gani tuliyemzungumzia anakuangalia tu. Tulikuwa tunajua, hapo unampa maji anawe, anakaa kidogo, chati anaisoma kwa sauti na mwenzake kabla ya kugusa dawa. Hiyo hali inaweza kuchukua robo saa mpaka nusu saa, na ni mbaya zaidi kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi wakati mwili wenyewe unadai usingizi. Moto ndani ya ndege hausubiri robo saa.

Na anayebaki naye ni binadamu. Januari 25, 2024 huko Indonesia ndege ya Batik Air inatoka Kendari kwenda Jakarta na abiria 153, kepteni akaomba alale kidogo, msaidizi akakubali akabaki anaangalia, na huyu msaidizi nyumbani ana mapacha wa mwezi mmoja, amekuwa akimsaidia mkewe kuwalea. Naye akapitiwa. Dakika 28 waongoza ndege wanaita hakuna jibu, ndege ikatoka kwenye njia yake, mpaka kepteni alipoamka mwenyewe. Na hapo bado walikuwa wamekaa bega kwa bega. Angani ukiwa peke yako, giza nje, hakuna wa kuongea naye, hakuna cha kufanya kwa masaa matatu, usingizi unakuja hata kama umelala jana yake.

Na akibanwa na haja je?

Mnacheka mkiuliza ila wataalam wa Ulaya wameliweka kwenye orodha rasmi ya hatari. Mpaka sasa hakuna jibu zuri. Ama amwamshe mwenzake kila mara, basi mapumziko hayapo tena, ama ajizuie kunywa maji, na mtu aliyekauka maji kwenye ile hewa kavu anaumwa kichwa na umakini unashuka.

Rubani akiwa na msongo wa mawazo, au nia mbaya?

Hili ni zito, naliandika kwa heshima kwa waliofiwa. Novemba 29, 2013 ndege ya LAM ya Msumbiji ilitoka Maputo kwenda Luanda, msaidizi akaenda chooni, uchunguzi ukasema kepteni alibaki peke yake akaishusha kwa makusudi, ikaanguka Namibia, watu 33. Machi 24, 2015 ndege ya Germanwings ya Ujerumani ikafuata, milima ya Alps, watu 150, safari hii kepteni ndo aliyefungiwa nje. Zote zilitokea dakika chache ambazo mtu mmoja alikuwa peke yake na mlango umefungwa. Mpango huu unataka hizo dakika ziwe masaa, kila safari, kila usiku.

Kuna jambo zuri lililotoka kwenye ile ajali ya pili, Ulaya sasa kila shirika lazima liwe na utaratibu wa marubani kusaidiana wenyewe kwa wenyewe, mtu ana pa kwenda kusema "sipo sawa" bila kuogopa leseni. Na mara nyingi anayegundua kwanza kwamba fulani hayuko sawa ni yule anayekaa naye kiti cha pili, anamuona hali chakula, haongei, anasahau vitu.

Lakini hata wawili wanakosea, si ndio?

Ndio, wanakosea. Januari 8, 1989 pale Kegworth Uingereza, injini moja iliharibika na marubani wawili wakazima ile nzima, wakafa watu 47. Na Juni 18, 1972 ndege ya Trident ilianguka Staines karibu na London ikaua 118, kepteni alikuwa na ugonjwa wa moyo ambao haukujulikana, na rubani msaidizi aliyekaa pembeni yake alikuwa kijana asiye na uzoefu.

Kwa sababu ya ajali kama hizo ndo marubani siku hizi wanafundishwa kuongea, kurudia kwa sauti, kumbishia mkubwa. Kuna kanuni nzuri sana, ukimsemesha mwenzako mara mbili hajajibu inavyotakiwa, au mara moja tu kama ndege inatoka kwenye mstari, unachukua usukani bila kuomba ruhusa. Maana mtu anaweza kupoteza fahamu huku macho yake yakiwa wazi na mikono iko mahali pake. Hiyo kanuni inahitaji watu wawili.

Kwa nini asikae rubani mwingine chini, anaongoza kwa kompyuta?

Mawasiliano yanaweza kukatika, kuingiliwa, au kuchelewa. Na aliye chini hanusi moshi wala hasikii mtikisiko. Kama msaada wa kuongezea sina shida nao.

Mbona zile ndogo za uwanja wa Arusha, pale Kisongo, zinaenda Serengeti na rubani mmoja?

Swali halali. Cessna Caravan imepewa cheti cha kurushwa na mtu mmoja, inabeba watu wachache, inaenda taratibu, inaruka chini kiasi kwamba hewa sio tatizo, safari ya Seronera ni fupi na inaweza kutua kwenye kiwanja cha vumbi. Hata hivyo kampuni nyingine huweka wawili ingawa sheria inaruhusu mmoja, na mimi mteja akiniuliza nampeleka kwenye zenye wawili, sifichi. Kwa ndege ndogo kuna kitu kizuri pia, mfumo wa Garmin ulioidhinishwa Marekani 2020, rubani akizimia abiria anabonyeza kitufe ndege inatafuta kiwanja inatua yenyewe. Ndege ya watu 300 hiyo bado.

Ile ya Bukoba ilihusiana na haya?

Hapana, msichanganye. Novemba 6, 2022 ile ATR ya Precision Air ilikuwa na marubani wawili kama inavyotakiwa, ilikuwa inatua hali ya hewa ikiwa mbaya, tukapoteza watu 19 wakiwemo hao marubani wote wawili. Wapumzike kwa amani.

Kwa hiyo wakubwa wameamuaje?

Mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya, EASA, iliagiza utafiti, na mwaka 2025 wakatoa jibu: kwa kokpiti zilizopo sasa haiwezi kuthibitishwa kwamba mmoja akiwa peke yake juu usalama unabaki sawa na wa wawili. Walichotaja ni hayo hayo, kuzimia, uchovu, kuamka ghafla, kukosa wa kukagua, na choo. Wanasema wataangalia kwanza kokpiti za kisasa zaidi zikiwa bado na watu wawili zinaweza kuongeza usalama kiasi gani. Vyama vya marubani duniani vinapinga moja kwa moja, na watu watasema marubani wanatetea ajira zao, sawa, lakini zile hesabu za asilimia 1 zilifanywa na madaktari.

Msikae mkidhani limeisha, mwenye kutaka kuokoa pesa atarudi. Kwa hapa kwetu anayesimamia ni TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.

Mama mmoja wa Moshi: mwanangu anataka kuwa rubani na ana kisukari cha kuchoma sindano, nimwambie aache?

Mama, usimwambie aache kabla hajapimwa. Nchi nyingi bado zinakataa, ila Uingereza tangu 2012 wanawaruhusu marubani wanaotumia insulini, kwa masharti makali, anapima sukari kabla ya kuruka, anapima tena kila saa akiwa juu, anapima kabla ya kutua, na lazima aruke na rubani mwingine pembeni. Wako wengine waliowekewa vyuma vya moyo au walioshawahi kuugua wanaruka kwa sharti hilo hilo la kuwa na mwenzao. Siku kiti cha pili kikiondolewa hao wote leseni zao zinakufa, na watoto kama wako mlango unafungwa kabla hawajaanza.

Kwa sasa fanya hivi, kabla hujalipa ada ya chuo chochote, mpeleke kwa daktari wa anga aliyeidhinishwa na TCAA, omba kipimo cha daraja la kwanza, beba rekodi zake zote za kliniki na vipimo vya sukari vya miezi ya karibuni, na asifiche dawa hata moja.